Kistari

Mimi ndiye niandikaye majina kwenye ule ubao wa mninga
ukimaliza ngazi za ofisi ya wilaya, mkono wa kulia:
jina, mwaka wa kuingia, kistari, mwaka wa kutoka.
Wa mwisho siku zote namwachia kistari kitupu,
mbele yake mbao tu.

Mbaruku hunifikia barabara ya kumi na tatu kabla sijanywa chai.
Kengele ya baiskeli kwanza, kisha simu puani mwangu.
"Fundi, changanya rangi. Mkeka unatoka Ijumaa.
Mkuu hana siku tatu. Kasema mtu wa ndani."
Ndani ya nini?
"Ndani, fundi. Ndani kabisa."

Ushahidi anao, tele:
mapazia ya mkuu yameonekana kambani, yamefuliwa yote kwa pamoja;
gari limepita Pongwe na godoro juu;
kwenye picha ya Maulidi kasimama wa tatu
na mwaka jana alikuwa wa pili;
herufi za jina lake ni tisa, na Ijumaa ni tarehe tisa,
sasa wewe, fundi, unataka nini tena?

Mkeka niujuao mimi ni wa ukindu.
Mama aliusuka kutoka Mfungo Pili hadi Mfungo Nne,
na siku ya kuumaliza hakuijua mtu
ila vidole vyake.

Ijumaa ikaja. Ilileta mvua na bili ya maji.
Makorora mabomba yalikuwa makavu, bili ikaja hivyohivyo.
Mbaruku hakutahayari hata kidogo:
"Ilikuwa itoke. Wamesikia tumejua, wakaahirisha."
Nikaona, kumbe utabiri wake ni shati la mtumba la saizi kubwa,
halina mwili usioutosha.

Nikachukua penseli, nikaanza kuchora alama ubavuni mwa kopo,
alama moja kwa Ijumaa moja.
Zimefika kumi na saba.

Nisijifanye malaika lakini.
Zamani, enzi za Bwana Chamshama, niliamini.
Mji mzima ulisema, hata Bi Mwantumu wa masijala alinyamaza
nami nikausoma unyamavu wake kama barua.
Usiku nikapanda ngazi, nikamwandikia mwaka wa kutoka.
Asubuhi akaja kazini.
Akasimama mbele ya ubao, mkoba kwapani,
akaigusa ile namba kwa kidole cha shahada,
kidole kikatoka na dhahabu.
Hakusema neno. Akaingia ofisini, akafunga mlango polepole.
Nilikwangua kwa wembe mpaka saa nne.
Akakaa miaka mitatu mingine, na kila siku ya kazi akapita hapo.
Kovu lipo hadi leo. Ukiinama utaliona.

Baadaye nilimuuliza Bi Mwantumu, ule ukimya ulikuwa wa nini?
"Jino," akasema. "Lilikuwa linaniuma."

Basi mkuu huyu wa mapazia akaondoka Jumanne,
mchana wa jua kali, siku ambayo hakuna aliyeitaja.
Bahasha ikaja na dereva aliyekuwa akila muhogo.
Bi Mwantumu akanipigia: "Sasa njoo."
Kabla sijafunga kopo, kengele.
"Nilisema! Fundi, si nilisema?"
Nikamgeuzia kopo ahesabu alama zangu.
Akazihesabu mpaka mwisho, kwa sauti, bila haya.
"Hizo," akasema, "zilikuwa mazoezi."

Nilicheka, nifanyeje? Ni jirani yangu,
mwanawe anakaa sakafuni darasani, wao sitini na madawati kumi na moja,
na kusubiri jina libadilike hakumgharimu mtu
ila vocha.

Nikaandika jina jipya, mwaka, kistari.
Mbaruku akausogelea ubao, akateremsha sauti:
"Huyu naye, fundi, sikiliza. Hamalizi mwaka. Nimeambiwa na mtu wa—"
na kidole chake tayari kikielekea palipo patupu.

Usiguse, nikamwambia.
Rangi mbichi.